Makosa ya Wanafunzi wa Lugha: Tuyacheke au Tuyachunguze?

Katika shule zetu imo desturi moja iliyozoeleka mno hata watu hawaioni tena kuwa ni desturi. Mwanafunzi husimama kujibu swali, hutamka neno kwa lafudhi ya kwao, na darasa zima huangua kicheko. Mwalimu naye, badala ya kukikomesha kicheko hicho, aghalabu hutabasamu. Na pengine hulirudia neno lile kama lilivyotamkwa, ili walioketi nyuma nao wapate kucheka. Kisha huandika ubaoni neno lililo sahihi, na somo huendelea. Mwanafunzi huketi. Tangu siku hiyo hunyoosha mkono kwa nadra, na kabla ya mwaka kwisha huwa hanyooshi kabisa. Huko ndiko tulikokuita kusahihisha.

Sisi twakataa kwamba huko ni kusahihisha. Twasema kwamba mwalimu asiyejua kosa limetoka wapi hana uwezo wa kuliondoa, hata akiwa na wino mwekundu wa kujaza debe. Twasema pia kwamba taifa lililojichagulia lugha moja ili iwaunganishe watu wenye lugha zaidi ya mia moja halina haki ya kumdhihaki mtu kwa sababu tu anaijia lugha hiyo akitokea katika nyumba ya lugha nyingine. Tulimwita wenyewe aje. Hatuwezi kumcheka kwa vumbi la njia aliyopita.

Hebu tulichukue kosa moja tulitazame kwa utulivu. Mwanafunzi wa darasa la tano aandika: "Baba hakuli nyama." Mwalimu hulikata neno la pili kwa mstari, huandika juu yake "hali", na kupunguza alama. Je, mtoto amelitoa wapi neno hilo? Halimo katika kitabu chake cha kusomea. Ukimuuliza atakwambia kwamba ndivyo inavyopasa kuwa, na kwa upande wake anasema kweli, kwa maana amelitunga kwa kanuni. Amesikia anakula, alikula, atakula, amekula. Katika njeo zote nne ameiona ku. Amejifunza tena kwamba kitenzi kikikanushwa katika wakati uliopo, irabu ya mwisho hugeuka kuwa i: anasoma, hasomi, anapika, hapiki. Amezijumlisha kanuni hizo mbili kama ajumlishavyo hesabu, akapata hakuli. Na kana kwamba utata huo hautoshi, ipo hakula ya wakati uliopita, ambayo ku yake ni nyingine kabisa, ya ukanushi, nayo humthibitishia mtoto kwamba yuko katika njia iliyonyooka.

Mtoto huyo hakukosa akili. Ametumia akili mahali ambapo lugha ina siri ambayo hakuna aliyemfunulia, na siri yenyewe si kubwa. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Vitenzi kama la, nywa, fa na ja vina shina la silabi moja, kwa hiyo mkazo ungeangukia kiambishi cha njeo; ilhali viambishi na, li, ta na me havibebi mkazo. Ndipo ku inapoletwa iubebe mzigo huo. Lakini katika neno hali mkazo umeshukia ha, ambayo huubeba bila taabu, na katika akila umeshukia ki. Ku haina kazi tena, basi imekwenda zake. Mwalimu akilieleza jambo hilo kwa dakika kumi, akawa anagonga meza kwa kidole kila mkazo unapofika, darasa litaelewa vitenzi vyote vya namna hiyo kwa pamoja: hali, hanywi, hafi, haji. Asipolieleza atakuwa amelisahihisha neno moja katika daftari moja, na kesho yake atakutana na hakunywi.

Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, mwanaisimu Mwingereza S. Pit Corder alichapisha makala iliyopata sifa kubwa juu ya maana ya makosa ya wanaojifunza lugha. Hoja yake ilikuwa kwamba makosa ni ya namna mbili. Yapo yanayomtoka mtu kwa haraka, uchovu au wasiwasi, ilhali kanuni anaijua. Na yapo yanayotokea kila mara kwa utaratibu uleule, kwa sababu kanuni aliyo nayo mwanafunzi kichwani si ile ya lugha anayojifunza. Hayo ya pili ndiyo ushahidi wa mahali alipofika katika safari yake. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Mmarekani Larry Selinker akaieleza lugha hiyo ya mwanafunzi kuwa ni lugha kamili ya muda, iliyosimama baina ya ile anayoiacha na ile anayoiendea, yenye kanuni zake yenyewe. Elimu hiyo imefundishwa vyuoni kwa zaidi ya nusu karne. Walimu wetu wengi wameisoma, wameifanyia mitihani na kuifaulu. Kisha wamerudi madarasani wakashika kalamu nyekundu ileile waliyoshikiwa wao walipokuwa watoto.

Kwa Kiswahili twaweza kuyaita ya kwanza mtelezo, na ya pili kosa. Wahenga walikwisha sema kwamba kuteleza si kuanguka. Na kuyapambanua hakuhitaji shahada: mpe mwanafunzi sentensi yake aisome tena polepole. Akiigundua hitilafu na kuirekebisha mwenyewe, alikuwa ameteleza, wala hapana haja ya kumhutubia. Akiisoma mara tatu na kuiona njema, hapo pana kanuni ya kuichimbua.

Lipo kosa jingine ambalo watu wa miji ya pwani hulifurahia kupita yote. Ni lile la asemaye "anasemaga", "tulikuwaga", "hajagi". Wachekeshaji wamelifanya mtaji. Lakini ni nani aliyejiuliza hiyo ga ni kitu gani? Ni kiambishi cha kale mno katika jamii ya lugha za Kibantu, nacho kingali hai katika Kisukuma, katika Kinyamwezi na katika lugha nyingine nyingi za bara. Kazi yake ni kuonyesha jambo la mazoea, litendekalo mara kwa mara. Mtoto aliyezaliwa Maswa amekinyonya pamoja na maziwa. Ajapo kwenye Kiswahili anataka kusema kwamba babu hufanya jambo fulani kila siku, naye anajua kwamba lugha yoyote yenye adabu lazima iwe na njia ya kulisema hilo. Kwa kuwa hajaonyeshwa njia ya Kiswahili, anatumia ya kwao. Yuko mwalimu atakayemwambia, "Acha Kisukuma chako." Yuko na mwingine atakayemwambia, "Hicho unachotaka kukisema, Kiswahili hukisema kwa hu: babu husema, babu hulima, babu huamka alfajiri." Wa kwanza amemnyang'anya mtoto kitu bila kumpa badala yake, na mtu hawezi kuacha chombo kabla ya kupewa kingine. Wa pili amembadilishia jembe kwa jembe. Na ikumbukwe kwamba wengi wa wale wanaomcheka huyo wa "anasemaga", hiyo hu hawaitumii kwa ukamilifu. Husema "huwa anasema", wakadhani wameongea Kiswahili cha Unguja.

Tusidhani kwamba makosa ni ya watoto wa bara peke yao. Chukua barua yoyote ya ofisi, au sikiliza taarifa ya habari jioni moja, nawe utakutana na "mtu ambaye aliyekuja", "maamuzi ambayo yaliyofikiwa". Kiswahili kina njia mbili za kurejesha maneno katika sentensi: ile ya kale ya kukitia kirejeshi ndani ya kitenzi, mtu aliyekuja, na ile ya amba, ambayo asili yake ni kitenzi kuamba, yaani kusema: mtu ambaye alikuja. Kila moja yatosha. Aziunganishaye zote mbili ni kama mtu aliyevaa kanzu mbili kwa hofu ya kuonekana uchi. Lakini hofu hiyo ina sababu. Katika masomo njia hizo hufundishwa kila moja kwa siku yake, na hakuna siku inayotengwa kumwambia mwanafunzi kwamba sasa achague. Basi mwanafunzi yule akakua, akapata cheo, akapewa karani wa kumpigia chapa, na kosa lake likapanda naye ngazi hadi kwenye nyaraka za serikali. Huko juu hapana amchekaye. Hapo ndipo tunapoona kwamba kicheko chetu hakikuwa kamwe cha kuilinda lugha. Kilikuwa cha kupima nani ni mnyonge.

Tumetaja nyaraka, na neno hilo lina mafunzo yake. Wanafunzi wengi siku hizi, na watangazaji wasiohesabika, husema "nyimbo hii", "funguo hii imepotea". Kisarufi ni wimbo huu na nyimbo hizi, ufunguo huu na funguo hizi. Kosa hilo hutokana na sikio: wingi wa maneno hayo husikika mara nyingi kuliko umoja wake, na umbo la wingi lafanana na maneno kama nyumba na nyama, ambayo hayabadiliki. Mwanafunzi amelihamisha neno kutoka ngeli moja kwenda nyingine kwa kufuata mfano. Sasa tumtazame Mswahili wa kale alipolipokea neno la Kiarabu waraka. Halikuwa na asili yoyote ya Kibantu. Lakini alilisikia linaanza kama wimbo, akalipeleka liliko wimbo, akasema nyaraka. Alipopokea kitab, k ile ilikuwa sehemu ya shina lenyewe, na wingi wake kwa Waarabu ni kutub. Yeye akaisikia ki ya kiti na kisu, akasema vitabu. Alipopokea masjid akaiweka pamoja na mti na mto, ikawa msikiti, misikiti. Na hata katika zama za magari, walipoambiwa kwa Kiingereza kwamba kwenye mzunguko wa barabara wapite kushoto, madereva wetu waliyachukua maneno hayo ya amri wakayafanya kipilefti, na vikiwa viwili, vipilefti. Yale mabati ya kukinga matope kwenye magurudumu yalifika yakiitwa kwa jina la kigeni lililoanza kwa sauti ya ma. Fundi akaona ni wingi, akalitoa digadi moja katika madigadi.

Kama pangekuwapo mwalimu wa Kiarabu mwenye kalamu nyekundu bandarini Kilwa, kila moja ya maneno yale ya Kiarabu lingekatwa kwa mstari. Leo ndiyo usanifu wenyewe. Hatusemi haya ili kuhalalisha "nyimbo hii". Tutakuja kuwajibu wanaotaka kuhalalisha kila kitu. Twasema ili ijulikane kwamba akili iliyoitunga "vitabu" na akili inayoitunga "nyimbo hii" ni moja, na ndiyo akili iliyokilea Kiswahili hadi kikafika kilipo. Anayeidharau ndani ya mtoto anaudharau utoto wa lugha yake mwenyewe.

Hata huo usanifu haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 palifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki kuusimamia uamuzi huo. Uchaguzi ulikuwa na faida zake, nasi twala matunda yake hadi leo. Lakini tangu hapo mwana wa Mvita aandikaye mato badala ya macho, au ndia badala ya njia, hukatwa alama, ingawa babu yake alisema hivyo kabla ya kamati zote. Muyaka bin Haji, ambaye ushairi wake ni fahari ya waswahili wote, akiketi leo kufanya mtihani wa sarufi atatoka na karatasi nyekundu kama damu. Mwalimu akisema kwamba umbo fulani si sanifu, hapo amesema kweli. Akisema kwamba si Kiswahili, ameongeza uongo.

Sisi watunga mashairi tulijifanyia njia ya kupenya. Tukifupisha neno ili mizani itimie, twaita inkisari. Tukilirefusha, twaita mazida. Tukiligeuza sauti ili kina kipatikane, twaita tabdila. Majina matatu mazuri, na mbele yake hakuna mhakiki athubutuye kutoa kalamu nyekundu. Mtoto wa shule hana jina la kulikingia neno lake.

Na hao wanaojifunza lugha hii ukubwani, au shuleni baada ya lugha ya nyumbani, wamekitendea nini Kiswahili? Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Ndiye aliyezieneza ngonjera hadi zikawa mchezo wa kila shule nchini, naye alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika, riwaya iliyobadili mwelekeo wa fasihi yetu. Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Kiswahili alijifunza, hakuzaliwa nacho. Mwaka 1963 alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, akaipitia upya mwaka 1969, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Yeyote kati ya hao angaliweza kunyamazishwa darasani kwa kicheko cha siku moja. Kwamba hawakunyamazishwa ni heri yetu; wangapi walionyamazishwa hatuwezi kuwahesabu, kwa kuwa hawakuandika.

Tumeahidi kuwajibu wenzetu wa upande wa pili. Siku hizi wapo wasemao: waacheni watoto waseme watakavyo, lugha ni mawasiliano, maadamu tumeelewana, sarufi ya nini? Maneno hayo hupendeza masikioni, na mara nyingi husemwa na watu ambao watoto wao wenyewe wamewekewa mwalimu wa jioni. Yanamsaliti mtoto wa maskini kwa namna ya upole. Twasema hivyo kwa sababu tumeitumia sehemu kubwa ya umri wetu mbele ya majalada, na tunajua barua za wananchi hupokelewaje. Katika ofisi moja ya umma tuliona barua ya mama mmoja juu ya mpaka wa shamba lake. Aliandika kwa Kiswahili cha kwao, mambo yote yakiwa wazi: jina la kijiji, jirani aliyeusogeza mpaka, mti uliokatwa. Pale masijala barua ilisomwa kwa sauti mara mbili kwa sababu ya neno moja tu alilolikosea, watu wakashika mbavu, kisha ikaingizwa katika jalada. Hakuna aliyeandika pembeni yake kwamba ijibiwe. Mvua mbili zilipita kabla mtu hajaifungua tena, na jirani alikwisha kuvuna mara mbili.

Waliocheka walitenda uovu, nasi twawalaumu kwa kinywa kipana. Lakini mwalimu aliyempitisha mama yule shuleni bila kumfundisha maumbo yanayotakiwa na ofisi, ati kwa kuwa alieleweka, naye alimpeleka vitani bila ngao. Kiswahili sanifu ndicho Kiswahili cha mahakama, cha hati ya ardhi, cha maelezo ya dawa na cha mtihani. Mwananchi ana haki ya kukipata chote, si kipande. Kwa hiyo kumwacha na kosa lake ni dhuluma, na kumcheka kwa kosa lake ni dhuluma, na mwalimu anatakiwa aepuke zote mbili kwa kufanya kazi iliyo ngumu kuliko zote mbili.

Kazi hiyo yaanza na sikio. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitofautishi r na l huandika kwamba walialikwa kwenye kalamu wakala pilau. Kumwamrisha "sema r!" mara ishirini mbele ya wenzake ni kazi bure, kwa kuwa mdomo hauwezi kutoa kile ambacho sikio halijakipambanua, kwake yeye hizo ni sauti moja iliyovaa nguo mbili. Mwalimu mmoja tunayemfahamu hulifanya jambo hilo mchezo: akisema kalamu, watoto huinua kalamu zao, akisema karamu, hupeleka mkono kinywani. Mahali na mahari, kula na kura, thamani na samani, vyote hupitia njia hiyo. Majuma mawili hupita watoto wakisikiliza tu, bila kulazimishwa kutamka. Wanapoanza kutamka, wengi huwa tayari wameshaivuka mito hiyo, na mchezo haujamwaibisha yeyote. Apo mama nyumbani hutenda vivyo hivyo bila kusoma kitabu. Mtoto akimwambia "nataka maji hiyo", humjibu, "Haya, chukua maji haya," akampa kikombe. Maji yamenyweka na sarufi imepita.

Kisha yafuata kuchagua. Insha ya mtoto yenye makosa 30 ikirudishwa na alama 30 nyekundu, mtoto husoma jambo moja tu: kwamba hafai. Mwalimu mwenye busara huchagua kosa moja au mawili yanayojirudia, hulitia alama pembeni bila kuliandika jibu, na kumwachia mwandishi alitafute mwenyewe. Yale mengine hungoja zamu yake. Wala asichague kwa kufuata lile linalomchukiza zaidi, bali lile lenye kanuni pana nyuma yake. Tukirudi kwa mfano wa ngeli: mtoto akiandika "kifaru kimekufa", asikimbilie kukata. Mtoto amefuata umbo la ki, ambalo kila siku anaambiwa alifuate. Hajaambiwa kwamba kiumbe chenye uhai hukiasi kiambishi chake na kuingia katika ngeli ya watu. Aambiwe pia kwamba kifaru cha chuma, kile cha vita, hubaki na ki yake: kifaru kimelipuka. Akishayaona hayo mawili ubavuni mwa mwenzake, hatasahau kiboko, wala kipepeo, wala kinyonga.

Tunajua walimu watatujibu nini. Watasema: darasa lina watoto sabini, na nyinyi mwaleta habari za kuchunguza kosa la kila mmoja. Jibu letu ni kwamba watoto sabini hawana makosa sabini tofauti. Waliolelewa katika lugha moja hukosea mahali pamoja, na kwa sababu moja. Mwalimu anayekata neno moja katika madaftari arobaini ameifanya kazi ileile mara arobaini. Angeliitambua chanzo chake, angeifanya mara moja ubaoni. Asiye na nafasi ni yule anayesahihisha bila kuchunguza.

Yote tuliyoyasema juu ya Kiswahili yanakihusu Kiingereza katika shule za sekondari, tena kwa uchungu zaidi. Huko mwanafunzi humwita mama yake kwa kiwakilishi cha mwanamume, na wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Hajasahau jinsia ya mama yake. Kiswahili kina yeye mmoja kwa mume na mke, na hata lugha za nyumbani kwetu za Kibantu zina utaratibu huohuo. Anatakiwa aanze kufikiri jambo ambalo hajapata kulifikiri kila afunguapo kinywa. Mwalimu aliyeoana na lugha yake ya kwanza angelijua hilo kabla ya kuingia darasani, akaliandalia somo. Badala yake twakuta langoni kibao kinachowakataza wanafunzi kusema Kiswahili, na ndani ya shule adhabu kwa atakayesikika. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyopokezana kitu cha kumtambulisha aliyenaswa akisema lugha ya mama, na jinsi walivyofundishwa kusengenyana kwa ajili hiyo. Serikali za kikoloni zimeondoka. Vibao tumevipaka rangi upya wenyewe. Na matunda yake ni vijana wanaomaliza kidato cha nne wakiwa na Kiingereza cha kunyamaza na Kiswahili cha kuogopa.

Tungependa tuone jambo moja likianzwa, nalo halihitaji fedha kutoka nje. Kila mwalimu wa lugha awe na daftari lisilo la alama. Ndani yake aandike kosa kama lilivyosemwa, lugha ya nyumbani ya aliyelisema, na kanuni anayodhani ilikuwa kichwani mwake. Madaftari hayo yakusanywe wilaya kwa wilaya mwisho wa mwaka na kupelekwa kwa wale wanaotunga vitabu vya kiada, ambao hadi sasa humwandikia mtoto wa Maswa, wa Newala na wa Makunduchi sura zilezile, kwa mpangilio uleule, kana kwamba wote watatu wameamka nyumba moja. Mtoto wa Makunduchi hahitaji mazoezi ya hu. Yule wa Maswa ahitaji kurasa nne, na ayakute mapema, darasa la tatu, kabla hajakutana na wa kumcheka.